Sheikh Ramiya: Mtumwa Aliyepata Nasaba

Sisi tukaao Katubuka tumezoea kuitazama miembe mikongwe ya Ujiji kama kivuli cha kupumzikia tu. Lakini miembe hiyo ni alama ya njia. Kutoka hapo misafara ilikwenda Tabora, ikaishia Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Na katika karne ya 19 watu wengi wa Manyema walivushwa ziwa wakaipita njia hiyo wakiwa watumwa.

Mmoja wa watoto wa Manyema waliofikishwa Bagamoyo aliangukia mikononi mwa tajiri wa Kiarabu, Amir bin Suleiman al-Lamki. Akaitwa Yahya bin Abdallah. Wanafunzi wetu na walitazame jina hilo kwa makini. Abdallah maana yake ni mja wa Mungu, na aghalabu ndilo hupewa mtu ambaye baba yake hakuwa Mwislamu. Basi kijana huyu alipewa hata baba wa kuazima. Mji ukamjua zaidi kwa jina la Ramiya.

Alisoma, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, kisha akafungua chuo. Hapo ndipo utata ulipoanzia. Katika miji ya pwani ya zama zile elimu ya dini ilifuata ukoo: sheikh alikuwa mtoto wa sheikh, na mtu wa bara aliitwa mshenzi hata akihifadhi Kurani. Mtumwa kumfundisha muungwana lilikuwa jambo la kupindua dunia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ramiya akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, inayojinasibisha na Abdul Qadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika tarika, mwalimu hupokea ijaza kwa mwalimu wake, na yule kwa wake, mpaka mnyororo ufike kwa Mtume mwenyewe. Mnyororo huo huitwa silsila. Kwetu sisi, siri ya nguvu za Ramiya imo humo: aliyenyang'anywa nasaba ya damu alipata nasaba nyingine, ndefu kuliko ya bwana wake, wala haikuwa ya kununuliwa.

Waliomfuata walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa watu wanyonge. Walikaa duara wakileta dhikri kwa sauti na kwa pumzi, miili ikiyumba pamoja. (Sisi tuliozoea kuhesabu mizani twaitambua nguvu ya pumzi inayokwenda kwa kipimo.) Baadhi ya wanazuoni wa pwani waliikataa dhikri ya namna hiyo, wakaiita bidaa. Hoja yao ya dini ilikuwa na uzito wake, wala hatuidharau; lakini ni vigumu kuamini kwamba chuki yote ilitokana na fikihi. Nao Wajerumani walikuwa na hofu yao: mwaka 1908 zilipoenea barua zilizodaiwa kutoka Makka, watu wa tarika walitiliwa shaka. Hata jina la Rumaliza, aliyekuwa mtawala wa Ujiji yetu kabla ya Wajerumani, lilitajwa katika mambo hayo.

Waingereza walipoitwaa Bagamoyo mwaka 1916, walimfanya Ramiya liwali. Wako wanaomlaumu kwa kukubali cheo cha mkoloni, na lawama hiyo si ya bure: liwali alikuwa mkono wa serikali ya kigeni. Lakini sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Basi, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujafutwa, waungwana wa Bagamoyo walipeleka mashtaka yao mbele ya mtu aliyeletwa kwao akiwa bidhaa.

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika ukhalifa, na baadaye akaiunga mkono TANU katika kudai uhuru. Maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kuwavuta watu kutoka bara, wakishuka pwani kwa hiari yao.