Tabibu wa Karema

Vijana wanaosomea udaktari, wanapokaribia kuingia wodini kwa mara ya kwanza, huwa na hofu ya mikono yao. Nikiukosa mshipa, je? Nikisikiliza kifua nisisikie kitu, je? Katika miaka niliyofundisha vijana wa namna hiyo huku Unyamwezi, ni wachache sana waliowahi kuniuliza swali jingine: nikifika kitandani, nianze kwa kusema nini?

Swali hilo la pili hunikumbusha mtu mmoja aliyefika upande huu wa nchi zaidi ya karne moja iliyopita. Adrian Atiman alizaliwa mnamo 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na mwaka 1876 akakombolewa huko Algeria na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango. Mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta ili vijana waliokombolewa utumwani wasomee uganga katika Chuo Kikuu cha huko. Baadaye wangepelekwa bara ya Afrika wakiwa matabibu na makatekista, watu wenye wake na watoto, si mapadre.

Lavigerie alitaka pia vijana hao wasizoee maisha ya Kizungu, ili watakapofika vijijini waishi kama wenyeji. Nina mawazo mawili juu ya jambo hili. Kwa upande mmoja, aliona mapema kwamba tabibu akijitenga na watu kwa mlo, mavazi na maringo, dawa yake itabaki chupani. Kwa upande mwingine, yeye ndiye aliyewaamulia watoto hao wale nini, walale wapi na maisha yao yawe ya kazi gani. Mtoto aliyenunuliwa mara mbili hakuulizwa kama alitaka kuwa mganga. Sipendi tunaposimulia habari hii kana kwamba ilikuwa wema mtupu.

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akasafiri hadi Unguja, kisha akaelekea bara. Njia ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ilipitia Tabora, na kwa miaka mingi ilikuwa imesagwa na nyayo za wapagazi wa pembe na za watu waliofungwa minyororo wakiteremshwa pwani. Naye, aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa akielekea bara na dawa. Njia hii haikuwa na huruma kwa matabibu pia. Livingstone, aliyekaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini Tabora, kwa miezi kadhaa mwaka 1872, alikuwa daktari wa Uskochi mwenye hati yake. Lakini sanduku lake la dawa liliibwa safarini mwaka 1867, na hakupona hasara ile. Elimu yote alikuwa nayo kichwani, mkononi hana kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 1889 Atiman alifika Karema, mwambao wa ziwa, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Hapo alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Masomo ya Malta yalimfundisha mikono yake. Ila ilimbidi ajifunze lugha za huku kuanzia mwanzo, na alioa binti wa mtemi wa Wabende, akawa mkwe katika nchi ambayo angeweza kubaki mgeni. Mgonjwa wa Karema hakuwa akitibiwa na mpita njia. Kama amekosea, kesho watakutana mtoni, au msibani. Maadili ya kazi aliyolindwa nayo mgonjwa yule hayakuandikwa ukutani. Mwaka 1946 simulizi ya maisha ya Atiman, kwa maneno yake mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mambo ya leo ni tofauti, na kwa sehemu kubwa ni afadhali. Vyuo vina vyumba vya mazoezi, vyenye mikono ya plastiki ya kutafutia mshipa na midoli ya kujifunzia kuzalisha, ili makosa ya kwanza yasimwangukie mgonjwa. Chuo cha Muhimbili kilianza mwaka 2011 kutumia mitaala inayotaka mwanafunzi aonyeshe umahiri wake, ukiwamo wa kuzungumza na wagonjwa na wa mwenendo, si kujibu mtihani tu. (Wanafunzi wa huko huzunguka katika jengo la Sewahaji. Ni wangapi wanaojua kwamba Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo aliyetafutia misafara bidhaa na wapagazi wa kwenda huku kwetu?)

Lakini mkono wa plastiki hausemi “unaniumiza.” Haujatoka Sikonge usiku, na hauna mkwe anayesikiliza nyuma ya pazia. Kwa hiyo niliwaagiza vijana wangu wakae asubuhi moja nzima kwenye benchi la wagonjwa wa nje, bila koti jeupe, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu. Baadhi walinung’unika. Mmoja, kijana hodari, aliniambia waziwazi: “Mwalimu, foleni ina watu sitini. Nikianza kumuuliza kila mmoja habari za nyumbani, wa mwisho atatibiwa kesho.”

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Foleni ile niliijua. Tukakubaliana tupime kwa saa ya ukutani. Kumwamkia bibi mmoja, kumtajia jina lako na kumweleza unachotaka kufanya kabla ya kumfunua kifua, kulichukua chini ya dakika moja. Kitanda cha pili, mwenzake alimfunua bibi mwingine bila neno. Kumtuliza yule bibi, hadi akakubali kulala tena, kulichukua dakika kumi na mbili, na kazi hiyo ilifanywa na muuguzi.