Kutoka .zr mpaka .cd: historia ya anwani yetu kwenye intaneti

Leo tuzungumze ju ya zile herufi mbili za mwisho wa anwani zetu: .cd. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa kompyuta. Lakini huku Rutshuru mkulima wa kahawa naye anauza kwa imeli, na imeli isipofika, mnunuzi anaenda kununua kwingine.

Wakati wa Zaire tulikuwa na .zr. Tarehe 17 Mei 1997 AFDL waliingia Kinshasa, jina la nchi likabadilika, na mwaka ule ule tukapewa .cd. (Ile .cg ni ya Brazzaville, tusichanganye!) .zr haikufa siku moja. Ilifutwa kabisa mwaka 2001. Kuanzia hapo, barua iliyoandikwa .zr haikuwa tena na pa kwenda.

Kwa nini? Intaneti iko na daftari lake la majina, DNS, lililobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Ukituma imeli, seva inauliza kwanza daftari: barua za jina hili zipelekwe wapi? Jibu liko kwenye rekodi inayoitwa MX. Jina likifutwa, hakuna jibu.

Daftari likiachwa bila mlinzi, hatari inakuwa kubwa zaidi. Mwisho wa 2020, jina scpt-network.com, lililobeba seva mojawapo ya .cd nzima, lilikuwa limeisha muda bila kulipiwa. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Detectify, akalinunua ili wezi wasilichukue, kisha akatoa taarifa. Kwa hesabu yake, nusu hivi ya maulizo ya .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Mwizi angeweza kugeuza njia ya imeli za watu, hata za serikali. Jina moja tu lisilolipiwa!

Njo maana leo MX peke yake haitoshi. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM inatia sahihi kwenye kila barua. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa mtihani huo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi, na hata mtumaji mdogo lazima awe na SPF au DKIM. Bila hizo, barua inaweza kukataliwa ao kutupwa kwenye spamu, na wewe unabaki kungoja jibu.

Basi, kama ushirika ao shirika lenu liko na jina lake kwenye intaneti, ulizeni mambo matatu: nani analipa kila mwaka, nani wawili wanajua neno la siri, na rekodi hizo zimewekwa? Nchi nzima iliponea chupuchupu. Sisi tusingoje bahati kama ile.