Ukiwa si upweke tu
Katika filamu ya Ad Astra (2019) ya James Gray, Roy McBride, anayeigizwa na Brad Pitt, anasafiri hadi Neptuni kumtafuta baba aliyeiacha familia akisaka viumbe wenye akili. Wengi husema ana upweke. Mimi nasema ana ukiwa. Mpweke hana mtu kando yake. Mkiwa ameachwa, na pengo la aliyeondoka analo kifuani. Ukiwa pia ni mahame, mahali palipohamwa, kama chombo cha angani alimobaki baba huyo peke yake. Filamu inapwaya: mapigano ya magari mwezini na nyani wakali yanaikatiza huzuni. Lakini baba na mwana wanapokutana, inasimama imara. Wenzangu mnaotafsiri filamu, hapo andikeni ukiwa.