Ulilipia Keja, Mjengo Ukakwama? Hizi Ndizo Sababu Kesi Yako Inaweza Kutupwa Mapema

Sema ulilipa depoziti ya keja ya vyumba viwili hapo Mombasa Road, wakati mjengo ulikuwa tu shimo na bango la picha. Developa akakuahidi funguo baada ya miezi 18. Miaka mitatu imeisha, shimo ni lile lile. Unatafuta loya, mnaenda kortini. Kabla hata useme kilichotokea, loya wa developa anasimama: anataka kesi itupwe leo leo.

Na manze, inaweza kutupwa. Si eti jaji hajaamini stori yako. Hajaisikia hata. Ndiyo maana ni poa ujue rada kabla utoe ganji ya loya.

Kesi hutupwa aje mapema?

Njia ya kwanza ni pingamizi la awali. Hapa developa anasema: hata kama kila kitu umeandika ni ukweli, sheria yenyewe haikuruhusu kuwa hapa. Kipimo chake kilitoka kwa kesi ya 1969 ya kampuni ya biskuti, Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors. Mahakama ilisema pingamizi lazima liwe ni swala la sheria tupu. Kama kuna kitu kinahitaji ushahidi, kwa mfano kama ulilipa ama hukulipa, hilo si pingamizi la awali, na kesi inaendelea.

Njia ya pili ni ombi la kufuta kesi, kwa Agizo la 2, kanuni ya 15 ya Kanuni za Kesi za Madai za 2010. Developa anaweza kusema huna dai lolote la maana, ama kesi ni ya kusumbua watu tu, ama unatumia korti vibaya. Lakini majaji hawakimbilii hii. Kwa kesi ya D.T. Dobie dhidi ya Muchina, Mahakama ya Rufaa ilisema kufuta kesi ni hatua ya mwisho kabisa: kama dai lina uhai hata kidogo na linaweza kurekebishwa, liachwe lisikizwe.

Vitu vitano vinavyoangusha watu

1. Korti si yenyewe. Mambo ya umiliki na matumizi ya ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo sheria yake ni ya 2011, ama kwa mahakimu waliopewa kazi hiyo. Hakimu mkuu ana kikomo cha shilingi milioni 20. Kama unadai tu doo zako za mkataba, kunaweza kuwa na mvutano kama ni Mahakama Kuu ama ya Ardhi, na jaji ataangalia shida kuu ni gani. Tangu kesi ya meli ya Lillian S ya 1989, msimamo ni mmoja: korti isiyo na mamlaka inaweka kalamu chini.

2. Uliruka ngazi. Hii huwapata sana majirani wanaopinga ghorofa mtaani. Kama unapinga ruhusa ya ujenzi iliyotolewa na kaunti, kuna kamati ya rufaa ya mipango ya ardhi, na una siku 14. Kama unapinga leseni ya NEMA, kuna Mahakama Maalum ya Mazingira, na una siku 60. Ukienda kwa jaji moja kwa moja, utaambiwa urudi pale ulifaa kuanzia.

3. Saa imeisha. Dai la mkataba lina miaka 6. Kudai ardhi yenyewe ni miaka 12. Saa ya mkataba huanza siku ulivunjwa, si siku ulichoka na ahadi. Developa akikwambia "tulia boss, tunamaliza mwaka ujao" kila mwaka, jua kuna mtu anahesabu.

4. Mkataba wenyewe ni mbovu. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, usainiwe na pande zote, na saini ziwe na shahidi. Meseji za WhatsApp na risiti za M-Pesa pekee zinaweza kukuangusha ukitaka upewe nyumba. Kudai urudishiwe doo ulizotuma ni dai tofauti, kwa hivyo mwambie loya aliweke pia.

5. Mlikubaliana kwenda kwa msuluhishi. Pitia kurasa za mwisho za mkataba. Mikataba mingi ya keja inasema mkikosana mtaenda kwa msuluhishi. Hapa kesi haitupwi, inasimamishwa. Ila developa lazima aombe hiyo mapema, pale tu anapojitokeza kortini. Akianza kupigana na kesi kwanza, amechelewa.

Kufutwa na kukataliwa si kitu moja

Kesi ikifutwa kwa sababu ya korti ama utaratibu, stori yako haijaamuliwa. Unaweza kurudi kwa njia sahihi, bora miaka haijaisha. Na hapo ndipo watu huumia: unapoteza miaka miwili kwa korti isiyo yenyewe, kumbe ile saa ya miaka 6 ilikuwa inakimbia tu. Lakini kesi ikisikizwa na kukataliwa, huwezi kuirudisha tena kwa jina lingine. Hapo kumebaki rufaa. Na mara nyingi aliyeshindwa ndiye hulipa gharama za mwenzake.

Kuna pia kifo cha kimya kimya. Kesi ikikaa mwaka mzima bila mtu kuchukua hatua, korti inaweza kukuita ueleze kwa nini isitupwe. Kwa hivyo usiachie loya kila kitu. Uliza kesi inatajwa lini.

Upanga unakata kuwili

Ile kanuni ya 15 si ya developa pekee. Kama utetezi wake ni kukana kana tu bila msingi, wewe pia unaweza kuomba ufutwe. Na kama unadai kiasi kinachojulikana, amejitokeza kortini lakini hajaweka utetezi, Agizo la 36 linakuruhusu kuomba hukumu bila kesi ndefu.

Kabla ufungue kesi

Beba mkataba, risiti zote na barua za developa. Muulize loya maswali manne: Hii ndiyo korti? Kuna mahali nilifaa kuanzia? Saa yangu ilianza lini? Kuna kipengele cha msuluhishi? Loya akijibu yote bila kupepesa, mko fiti. Akikwambia "tutaona mbele", rudisha karatasi zako kwa begi utafute mwingine, juu huko mbele ndiko loya wa developa anakungoja.