Koni za paini (matandazo na mboji)

Koni za paini, ambazo wengi huziita tu matunda ya paini, ni vibeba-mbegu vikavu na vigumu vya miti ya jenasi Pinus (misonobari). Zikishaanguka huokotwa na kutandazwa bustanini, au huchanganywa kwenye mboji. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, Tanzania, hasa Kasulu na Kibondo, ni malighafi ya pembeni. Matandazo yaliyozoeleka huko ni nyasi na majani ya migomba.

Mti wenyewe

Afrika Mashariki haina paini ya asili. Spishi pekee inayovuka ikweta bila kupandwa na mtu ni Pinus merkusii, kisiwani Sumatra. Msitu wa asili wa Kasulu na Kibondo ni miombo. Paini zilizoenea Tanzania ni P. patula ya milima ya Mexico, P. caribaea ya Amerika ya Kati na Karibi, na P. elliottii ya kusini-mashariki mwa Marekani. Shamba kubwa kuliko yote ni la serikali, Sao Hill wilayani Mufindi, ambako majaribio yalianza mwaka 1939. Katika sehemu nyingi za Afrika miche ya mwanzo ilidumaa, mpaka vitalu vilipotiwa udongo wa chini ya paini zilizokomaa, wenye kuvu wanaoishi na mizizi ya mti huo.

Kwa mwokotaji, spishi si jambo dogo. Koni za P. patula hung'ang'ania tawini kwa miaka, nyingi zikiwa zimefumba, hivyo hupatikana zaidi miti inapopogolewa au kukatwa. Koni za P. caribaea hufunguka zikikauka, humwaga mbegu, kisha huanguka zenyewe.

Matandazo

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, mara nyingi kwa matone mazito juu ya udongo mwekundu wa miteremko. Matandazo hupunguza kishindo cha matone hayo, huzuia udongo kuchukuliwa na maji, hupunguza magugu na, mvua zikikatika, huhifadhi unyevu. Koni hufanya kazi hizo kwa kiasi tu. Hazishikani, zina matundu makubwa, na tabaka moja huacha jua lipenye hadi chini. Magamba yake hufumba yakilowa na kufunguka yakikauka, kwa hiyo tabaka halikai lilivyopangwa. Koni zilizopondwa, au zilizolazwa juu ya sindano za paini, hufunika vizuri zaidi kuliko koni nzima.

Sifa yake kuu ni kudumu. Nyasi zikitandazwa huliwa na mchwa au huoza, na mara nyingi hubidi kuongezwa kila msimu; koni hukaa miaka kadhaa. Ni nzito kuliko nyasi, na kuku hawazichakuri kwa urahisi. Mahali pake ni chini ya miti ya matunda, kwenye mashina ya kahawa na katika njia za bustani. Kwenye tuta la mchicha au karoti ni kero tupu, kwa kuwa humchoma mpaliliaji na kuzuia miche midogo.

Mboji

Koni ina lignini nyingi na naitrojeni kidogo mno. Rundo la mboji huoza vizuri likiwa na takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, na koni imezidi kiwango hicho kwa mbali. Hupondwa kwa nyundo au mchi, hulowekwa, kisha hupangwa kwa matabaka membamba kati ya samadi na majani mabichi. Hata hivyo vipande vingi hubaki. Huchekechwa na kurudishwa katika rundo linalofuata, ambako husaidia kupitisha hewa.

Kosa linalogharimu ni kufukia shambani koni ambazo hazijaoza. Vijidudu vinavyozila huchukua naitrojeni ya udongo, na mahindi hugeuka manjano. Zikiwa juu ya ardhi athari hiyo huwa ndogo.

Asidi

Imani kwamba taka za paini huchachusha udongo imetiwa chumvi. Sindano mbichi zina asidi, lakini asidi hiyo hupungua kadiri zinavyooza, na tabaka la juu hubadilisha kidogo sana hali ya udongo wa chini.

Mbegu

Koni iliyofunguka kwa kawaida imekwisha kumwaga mbegu. Koni zilizofumba zinaweza kuzimwaga baadaye, na miche ikaota mahali isipotakiwa. Kwenye Mlima Mulanje, Malawi, P. patula imevamia uoto wa asili.

Kasulu na Kibondo

Waha, wenyeji wa eneo hili, hutandaza nyasi na majani makavu kwenye migomba na kahawa iliyo karibu na nyumba. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyohamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilizitenga kaya nyingi na bustani hizo za zamani.

Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ifunguliwe upya mwaka 2015, mahitaji ya kuni yameongezeka. Koni kavu yenye utomvu ni kiwashio kizuri, hushika moto upesi. Kwa sababu hiyohiyo haifai kutandazwa karibu na jiko wala nyumba ya nyasi wakati wa kiangazi. Majivu yake yana kalisi na potasiamu, na hupunguza asidi ya udongo.