Simba 2018/19: kufungwa ugenini mara tano mfululizo na bado kufika robo fainali

Ukimuuliza shabiki wa kandanda hapa Eldoret kwa nini timu zetu za Afrika Mashariki hupoteza mechi zikisafiri, mara nyingi atakutajia mwinuko. Si ajabu. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mgeni akikimbia huku pumzi humkatika mapema. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nikisikia nadharia hutamani kuijaribu kwa data. Kwa hiyo nimechukua msimu mmoja ambao matokeo yake yanajulikana vizuri, yaani Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2018/19, na klabu moja, Simba ya Dar es Salaam.

Simba walianza kwa kuwatoa Mbabane Swallows wa Eswatini, na kule kwao waliwafunga 4-0. Baada ya hapo safari zikageuka chungu. Desemba 2018 walifungwa 2-1 na Nkana mjini Kitwe, Zambia. Januari 2019, 5-0 na AS Vita mjini Kinshasa. Februari, 5-0 tena, na Al Ahly kwenye uwanja wa Borg El Arab kule Alexandria. Machi, 2-0 na JS Saoura mjini Béchar, Algeria, pembeni mwa Sahara. Aprili, 4-1 na TP Mazembe mjini Lubumbashi. Safari tano, vichapo vitano, mabao 18 yameingia na mawili tu yametoka. Watani wao wa Yanga walipata mzaha wa miezi kadhaa.

Sasa tujaribu ile nadharia. Kinshasa haiko juu sana, ni kama mita 300. Alexandria iko ufukweni kama Dar yenyewe. Huko kote walipigwa tano. Kitwe na Lubumbashi ndizo zilizo juu kuliko zote katika orodha hii, zaidi ya mita 1,200, na ndizo mbili pekee ambako Simba walifunga bao! Mwinuko huenda unawasaidia wanariadha wetu, ila hapa haukufungi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba timu hii ilifika robo fainali. Nkana walipokuja Dar walilala 3-1. Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 kwa bao la Meddie Kagere, Vita 2-1. Alama tisa nyumbani, sifuri ugenini.

Inawezekanaje? Fikiria jedwali la kundi kama kipande cha programu. Unakipa matokeo ya mechi, nacho kinatoa moja kati ya namba tatu: 3, 1 au 0. Ukikipa 5-0, aliyefungwa anatoka na 0. Ukikipa 1-0, ni 0 ile ile. Habari ya ukubwa wa kipigo inatupwa njiani, kama picha nzito unapoibana iwe ndogo ili ipite kwenye intaneti ya polepole. Hata alama zikilingana, CAF ilianza kwa kuangalia mechi za wale waliolingana, sio tofauti ya mabao ya kundi zima. Simba walimaliza na mabao 6 dhidi ya 13, na jedwali halikujali.

Tena hawakuwa peke yao. Katika mechi zote 12 za kundi lile hakuna mgeni hata mmoja aliyeshinda: wenyeji walishinda 10, sare mbili. Al Ahly 10, Simba 9, Saoura 8, Vita 7. Siku ya mwisho, Machi 16, 2019, Simba na Vita walikuwa 1-1 dakika zikiyoyoma. Matokeo hayo yangebaki, Simba wangekuwa wa mwisho kabisa katika kundi. Clatous Chama akafunga na wakaruka kutoka nafasi ya nne hadi ya pili. Bao moja tu, jamani.

Mfumo wenyewe una historia. Ushindi kuwa na alama tatu ulianza kwenye ligi ya Uingereza mwaka 1981, na Kombe la Dunia likaufuata 1994. Kwa mfumo wa zamani wa alama mbili, Simba na Saoura wangelingana kwa 6, na Simba wangepita kwa sababu tu 3-0 ni kubwa kuliko 2-0.

Msimu huo huo, kwenye Kombe la Shirikisho, Gor Mahia wetu walifanya kitu kile kile: mechi tatu za kundi nyumbani wakashinda zote, tatu za ugenini wakapoteza zote, alama 9, robo fainali. Tofauti ni kwamba Gor walilingana alama na Zamalek. Waliwafunga 4-2 Nairobi lakini wakapigwa 4-0 Misri, kwa hiyo Zamalek wakachukua nafasi ya kwanza. Wangefungwa bao moja tu kule, Gor wangekuwa kileleni. Kisha RS Berkane wakawatoa kwa jumla ya 7-1.

Kwenye mtoano programu ni nyingine. Mabao yanajumlishwa, hakuna kinachotupwa, na 4-1 ya Lubumbashi baada ya 0-0 ya Dar ikamaliza safari ya Simba. Agosti 2019 mkosi ukakatika: sare ya 0-0 na UD Songo mjini Beira, Msumbiji. Marudiano Dar yakaisha 1-1, na Simba wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini! Msimu waliofungwa kila safari walifika robo fainali, na msimu ambao hawakufungwa safarini waliishia raundi ya awali.

Aliyewafungia Songo siku hiyo ni Luis Miquissone. Simba walimsajili Januari 2020, na Februari 2021 akawafunga Al Ahly 1-0 pale Dar. Siku chache kabla ya hapo, Februari 12, Simba walirudi Kinshasa palepale walipopigwa tano, wakawafunga Vita 1-0 kwa penalti ya Chris Mugalu. Wakaongoza kundi kwa alama 13. Robo fainali ikawapeleka Johannesburg, Mei 2021: Kaizer Chiefs 4, Simba 0. Wiki moja baadaye, Dar es Salaam: Simba 3, Kaizer Chiefs 0.