Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta mpakato: uchaguzi, uwekaji na usanidi

Kadi ya Wi-Fi ni kibao kidogo cha kielektroniki kinachoiwezesha kompyuta mpakato kutuma na kupokea data kwa mawimbi ya redio. Katika kompyuta nyingi kibao hicho hakikulehemewa kwenye ubao mama. Kimechomekwa katika nafasi yake na kushikwa na skrubu moja, hivyo huweza kutolewa na kuwekwa kingine. Hubadilishwa kikifa, au kikiwa bado kizima lakini kimepitwa na ruta zilizopo. Kazi ya bisibisi ni ya dakika chache. Uzito wa shughuli uko kabla ya bisibisi, yaani katika kuijua kadi ambayo kompyuta ile itaikubali. Kompyuta nyingi nzima huishia kabatini kwa sababu Wi-Fi yake imekufa na kadi iliyonunuliwa kwa kubahatisha haikufanya kazi, na hasara hiyo huepukika.

Kiwango cha kwanza cha mitandao ya aina hii, IEEE 802.11, kilitolewa mwaka 1997, na kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikafuata 802.11b chenye megabiti 11. Kadi za wakati huo zilikuwa za nje: ziliingizwa ubavuni mwa kompyuta katika nafasi ya PC Card, zikiwa na upana wa kadi ya benki, na ncha yenye antena ikabaki imechomoza. Mwaka huohuo Apple ilitoa iBook, iliyokuwa na antena ndani ya mwili wake na nafasi ya kadi chini ya kibodi. Machi 2003 Intel ikazindua Centrino, mpango ulioweka prosesa na kadi ya Wi-Fi chini ya jina moja la biashara, na tangu hapo kadi ya ndani ikawa jambo la kawaida.

Nafasi ya ndani imebadilika mara kadhaa. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitumia Mini PCI, kadi pana inayokaribia sentimita 6. Baadaye ikaja Mini PCI Express yenye pini 52 na upana wa milimita 30. Ile ndefu ina urefu wa karibu milimita 51 na ile nusu karibu milimita 27. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2010 hutumia M.2, na kadi ya Wi-Fi ya M.2 kwa kawaida ni ya ukubwa wa 2230, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Nafasi za M.2 hutofautishwa kwa mahali lilipo pengo kati ya pini, nalo hupewa jina la herufi. Kadi za Wi-Fi hukaa katika nafasi ya A au E, na kadi nyingi zimekatwa mapengo yote mawili ili ziingie kokote. Nafasi za B na M ni za diski na modemu za simu. Kwa jicho zinafanana sana na ile ya Wi-Fi, na asiyetazama pengo huweza kulazimisha kadi hadi akavunja nafasi yenyewe.

Kuingia vizuri, hata hivyo, si uthibitisho kwamba kadi itafanya kazi. Mtego unaowanasa wengi zaidi ni mfumo wa Intel uitwao CNVi. Kadi ya kawaida hubeba sehemu zote za redio na huzungumza na kompyuta kwa njia ya PCI Express. Katika CNVi sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamishiwa ndani ya prosesa au chipu zinazoandamana nayo, na kadi imebaki na sehemu ya redio tu. Kadi kama hiyo haina maana yoyote ndani ya kompyuta yenye prosesa ya AMD, wala ndani ya kompyuta ya Intel ya zamani. Kinachoudhi ni kwamba zote mbili zina umbo lilelile la M.2. Tofauti iko katika tarakimu ya mwisho ya jina: AX200 na AX210 ni za PCI Express, AX201 na AX211 ni za CNVi. Mnunuzi asiyejua kompyuta yake iko upande upi achague yenye sifuri, kwa kuwa nafasi nyingi zilizoandaliwa kwa CNVi hupokea pia kadi ya PCI Express.

Kikwazo kingine kimefichwa ndani ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows au Linux. Kwa miaka mingi baadhi ya watengenezaji, wakiwemo Lenovo na HP, waliweka humo orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Kompyuta ikiwashwa ikiwa na kadi isiyo kwenye orodha hukataa kuendelea. Katika ThinkPad za Lenovo za enzi hiyo hutokea ujumbe wenye namba 1802. Hoja iliyotolewa ni kwamba kompyuta, antena na kadi hupimwa pamoja ili kupata kibali cha vyombo vinavyosimamia mawimbi ya redio. Kwa mwenye mashine matokeo ni mamoja: kadi nzima na bora inakataliwa, na mashine inayoweza kuhudumu miaka mingine mingi inabaki bila mtandao. Suluhisho salama ni kutafuta kadi yenye namba ya kipuri ya mtengenezaji huyohuyo, inayotajwa katika kitabu cha matengenezo cha modeli husika. Mashine za karibuni kwa kiasi kikubwa zimeachana na orodha hizo, lakini suala hili bado ni hai Afrika Mashariki, kwa sababu kompyuta nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi Kariakoo, Dar es Salaam, ni za ofisi za ng'ambo zilizokwisha kutumika miaka kadhaa.

Kuhusu kizazi cha kadi, mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, muungano unaothibitisha vifaa vya Wi-Fi, uliyapa matoleo majina mepesi: 802.11n ya mwaka 2009 ikawa Wi-Fi 4, 802.11ac ya mwaka 2013 ikawa Wi-Fi 5, na 802.11ax ikawa Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 ilianza kuthibitishwa rasmi Januari 2024. Kubadilisha kadi huleta faida kubwa pale mtu anapotoka kwenye kadi ya Wi-Fi 4 inayojua masafa ya 2.4 GHz peke yake na kuhamia kwenye inayojua pia 5 GHz. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa ruta za majirani, simu na vifaa vya Bluetooth. Yale ya 5 GHz yana nafasi na kasi, ingawa hufifia upesi yakikutana na ukuta mnene. Kununua Wi-Fi 7 huku ruta ikiwa ya Wi-Fi 4 ni kupoteza fedha. Tena kadi za karibuni zina masharti: AX210 huhitaji Windows 11 au Linux ya karibuni ili kutumia masafa ya 6 GHz, na matumizi ya masafa hayo hutegemea ruhusa ya mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi.

Kabla ya kufungua mashine, faili la draiva ya kadi mpya, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, hupakuliwa na kuwekwa kwenye diski mweko. Hatua hii husahaulika sana, na anayeisahau hujikuta na kompyuta isiyoweza kuingia mtandaoni kutafuta kitu kitakachoiingiza mtandaoni. Waliokwama hivyo huokolewa na simu ya Android: ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, kompyuta huiona kama mtandao wa waya.

Kompyuta huzimwa kabisa, si kulazwa. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima huhakikisha kwamba mfumo haubaki nusu usingizini. Chaja hutolewa, kisha betri. Betri ikiwa ya ndani, plagi yake huchomolewa kutoka kwenye ubao mama mara mfuniko unapofunguka. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo la kuizima ndani ya BIOS. Kitufe cha kuwashia hubonyezwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Umeme tuli wa mwilini, ambao huzidi hewa ikiwa kavu, huweza kuua chipu bila mtu kuhisi chochote, kwa hiyo fundi hugusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi. Skrubu za chini hupangwa juu ya karatasi kwa kufuata zilikotoka. Si zote zina urefu mmoja, na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa plastiki au kukwaruza ubao.

Sehemu inayotaka mkono mwepesi kuliko zote ni antena. Nyaya mbili nyembamba, mara nyingine tatu, hutoka kwenye kadi, hupita kwenye bawaba na kuishia pembeni mwa kioo. Kila waya una kichwa cha duara kinachobanwa juu ya kitufe kidogo cha kadi. Hung'olewa kwa kuinua kichwa wima kwa ncha ya plastiki au kibano, kamwe si kwa kuvuta waya. Vichwa hivi vimeundwa kuvumilia kuunganishwa mara 30 hivi, kwa hiyo haifai kuvichezea. Vile vya Mini PCI Express ni vikubwa kuliko vya M.2 na havibadilishani bila kiunganishi cha kati. Rangi za nyaya zisiaminiwe kupita kiasi: kwa watengenezaji wengine waya mweupe ndio mkuu, kwa wengine wa kijivu, na mweusi ukawa msaidizi. Njia ya uhakika ni kupiga picha kabla ya kung'oa chochote, na kusoma alama zilizochapishwa kwenye kadi.

Kadi mpya huingizwa kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, pengo likilingana na kizuizi cha nafasi. Huzama hadi pini zikaribie kutoonekana, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu bila kukazwa sana. Vichwa vya antena huwekwa sawa juu ya vitufe na kubonyezwa kwa kidole hadi vikae. Ni busara kuijaribu mashine kabla ya kurudisha skrubu zote za mfuniko.

Windows 10 na 11 huzitambua kadi nyingi zenyewe. Kadi isipotambuliwa, kifaa kisichojulikana huonekana kwenye dirisha la Device Manager, na namba yake humtaja mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek. Draiva hutafutwa kwa namba hiyo, si kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Katika Linux namba hiyohiyo hupatikana kwa amri ya lspci -nn. Kadi za Intel hutumia draiva ya iwlwifi iliyomo ndani ya mfumo, ila zinahitaji pia faili la programu linalopakiwa kwenye kadi kila mara kompyuta inapowaka. Kernel, yaani kiini cha Linux, ikiwa ya zamani kuliko kadi, kadi haitawaka. Broadcom ndizo zenye usumbufu mwingi katika Linux, na mwenye uhuru wa kuchagua aziepuke.

Kadi ikionekana lakini haioni mtandao wowote, huenda imezuiwa. Chanzo huwa hali ya ndegeni, kitufe cha kibodi au swichi ya ubavuni. Linux huonyesha hali hiyo kwa amri ya rfkill list. Wi-Fi ikifanya kazi na Bluetooth ikakosekana, sababu ni ya ndani zaidi: katika kadi nyingi Wi-Fi hupita njia ya PCI Express na Bluetooth njia ya USB, na nafasi nyingine hazikuunganishiwa njia ya USB. Hakuna draiva itakayotibu hilo.

Kadi ikionyesha tu mitandao ya chumba kilekile, waya wa antena haukukaa vizuri. Ikiuona mtandao na kukataliwa licha ya nywila sahihi, huenda ruta inaruhusu vifaa kwa anwani ya MAC. Kadi mpya huja na anwani mpya, na msimamizi wa mtandao wa shule au ofisi hana budi kuisajili. Kadi iliyowekewa kanuni za Marekani huweza kutoiona ruta iliyo kwenye chaneli ya 12 au 13. Usalama unaofaa ni WPA2 au WPA3. WEP iliyotangulia hizo ilivunjwa na watafiti tangu mwaka 2001, na kadi isiyojua kingine zaidi ya hiyo haistahili kurudishwa kazini.

Kompyuta nyembamba za siku hizi zinazidi kuja na redio iliyolehemewa kwenye ubao mama. Hizo hazina kadi ya kubadilisha, na redio ikifa hubaki adapta ya USB, ambayo haina haja ya kufungua mashine wala haizuiwi na orodha ya BIOS, ila huchukua tundu moja na antena zake ndogo huzidiwa na zile zilizozunguka kioo.